Kifua cha Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Machi 1965

Asubuhi Jamiru fundi cherehani kaletwa zahanati na mkewe, mke analia barabara nzima. Mume anatema damu! Kanzu ina madoa, baraza ina madoa, na nusu ya soko imewafuata ili isipitwe na msiba.

Nikamwambia Jamiru afungue mdomo. Hataki. Fungua! Kafungua — tambuu. Nyekundu mpaka kwenye magego. Kumbe wakati wa Ramadhani alimwapia mkewe kwamba ameacha kabisa. Mke akaacha kulia na kuanza mambo mengine, nikawatoa nje wakamalizie huko.

Ndiyo maana nina kanuni yangu. Mtu akija anatema damu, usikimbilie kifua. Kwanza mdomo, ufizi, koo, pua, ujue damu imetokea mlango gani. Halafu mgeuze, mtazame mgongo anapovuta pumzi, uone upande upi unachelewa kupanda. Halafu gonga kwa vidole. Stetoskopu mwisho! Vijana wanaotoka chuoni siku hizi wanaanza nayo, kwa sababu inapendeza shingoni.

Aidah, mkunga wetu, anasema mimi nazipenda kanuni zangu kuliko ninavyowapenda wagonjwa.  Ana mama wawili wa kujifungua, mwache ajione mkubwa.

Nyumbani nimemkuta Nereah mlangoni anapunguza kiuno cha gauni lake la Krismasi. Nikamwambia naona mke wangu anajiandaa kuolewa mara ya pili. Akasema safari hii atatafuta mume mwenye kuni kavu. Hapo kanishika. Kuni zetu ni mbichi, jiko ni moshi mtupu, na yeye anakohoa kila akilisogelea. Nitatafuta kavu.

Jumanne, 9 Machi

Makubwa! Mama mkwe amefika.

Katoka Funyula, upande wa Kenya, kwa basi, akavuka mpaka kwa miguu, kikapu kichwani. Nereah amekwenda kumpokea na amerudi macho mekundu. Mama anatema damu. Si tambuu, Mama Nanjala hajawahi kuweka tambuu mdomoni. Ni wiki tatu sasa, kila asubuhi, damu mbichi, na wakati mwingine usiku inamziba koo. Nyumbani alificha. Shemeji alipoona kwenye majani ya migomba nyuma ya nyumba ndipo wakamlazimisha kuja.

Amelala kwa Aidah. Kwangu hawezi kulala, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Wala hatushikani mkono, wala hatutazamani usoni, wala hatuli chumba kimoja. Nikimwona njiani nachepuka, hata kama ni kwenye mihogo ya watu. Miaka sita nimeoa kwake na sijui sura yake! Namjua kwa kitambaa cha kichwa na kwa kisigino.

Na mimi ndiye peke yangu hapa ninayejua kusikiliza kifua.

Jumatano, 10 Machi

Nimewaza siku nzima. Nimempa mtu mmoja dawa ya minyoo kwa jino.

Njia rahisi ni kumpeleka hospitali ya Tororo moja kwa moja, wana picha ya kifua, wana daktari asiye mkwe wa mtu. Nikamtuma Nereah akamwambie. Jibu likarudi haraka: haendi. Amesikia kwamba Tororo ukiingia wodi ya kifua unafungiwa mwaka mzima, na sasa mvua imekaribia, nani atapanda mtama wake? Atakwenda kwa sharti moja tu. Mkwe wake mwenyewe asikie ugonjwa kwa masikio yake. Maneno ya watu hayataki.

Vizuri sana! Na huyo mkwe amsikilize namna gani? Kwa sharti la pili: asimguse, asimwone, asiwe chumba kimoja naye.

Nikamwomba Aidah anisaidie, asikilize yeye. Akanionyesha ile pembe yake ya mbao ya kusikilizia mimba. "Mimi nasikia watoto tu, dakitari. Mapafu haipigi teke." Akacheka mpaka akafuta machozi. Mwanamke huyu ana moyo mwema lakini anauficha mbali.

Nereah hakucheka. Jioni alikaa kitandani akaniambia, Erastus, mama yangu akifa kwa sababu ya adabu, mimi nitaidharau adabu maisha yangu yote. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikamshika mkono, una joto. Nikamwahidi kwamba nitasikiliza, sijui vipi, lakini nitasikiliza.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye

Nimejua vipi! Mpira!

Stetoskopu ni mpira tu na kikombe. Nani amesema mpira lazima uwe mfupi?

Alhamisi, 11 Machi

Nimefanya jambo ambalo halimo katika vitabu.

Mpira nimeutoa kwenye lile bomba la kusafishia tumbo. Nimeuchemsha mara tatu na nimemwapisha Aidah asimwambie mama mkwe ulikotoka. Nikauunga kwenye stetoskopu yangu, ukatosha kutoka nje ya nyumba ya Aidah, kupita chini ya ubao wa dirisha, hadi katikati ya chumba. Mimi nje, nimekaa juu ya debe, mgongo kwa ukuta, mpira masikioni. Wao ndani, Nereah na mama yake. Aidah aliitwa kwa mzazi, kwa hiyo walikuwa wawili tu.

Kanuni yangu inasema mdomo kwanza. Nani atamtazama mama mkwe mdomoni? Hata kuandika naona haya. Nikamwambia Nereah amtazame yeye. Chumba giza, taa hakuna. Akasema meno yote yapo. Basi, nikaona yatosha.

Halafu kifua. Nikapaza sauti dirishani: kikombe mgongoni, chini, kushoto!  Halafu minong'ono. Halafu — kicheko! Mama anatema damu na anacheka, na binti yake anamsaidia kucheka. Nikawakaripia kwa heshima. Wakatulia.

Watu waliotoka sokoni walikuwa wanasimama. Mmoja akauliza kama redio yangu imepata Nairobi au Kampala. Mwingine akamwambia mwache, dakitari anasikiliza kandanda.

Kushoto chini, safi. Kushoto juu, safi. Kulia chini, safi. Nikaanza kufurahi. Nikasema sasa juu, kulia, nyuma ya bega, karibu na uti wa mgongo. Vuta pumzi, Mama. Kohoa kidogo, Mama. Vuta tena.

Hapo nikasikia. Mikwaruzo midogo midogo, kama chumvi ikidondoka kwenye sufuria ya moto. Pumzi yenyewe kavu, kama upepo ndani ya mtungi mtupu. Nikasema, Mama, nong'ona tisini na tisa. Kwa mtu asiyeumwa mnong'ono huo unapotelea kifuani, husikii neno. Huu ulikuja mzima mzima, kila herufi. Tisini na tisa. Ilikuwa kana kwamba amenisemea sikioni.

Sauti ilikuwa nyororo, na kikohozi kidogo, cha adabu. Nilitegemea kizito zaidi. Lakini mnong'ono hauna umri.

Nikautoa mpira masikioni. Halafu nikamwambia Nereah kupitia dirisha, polepole, kwamba ni kifua kikuu, upande wa kulia juu, na mama aende Tororo kesho.  Safari hii hakuna aliyecheka. Baadaye Nereah akatoka, uso wake sikuuelewa, akaniuliza, "Umesikia kweli?" Nikasema nimesikia kweli. Akauliza tena. Nikaudhika kidogo. Miaka kumi na moja nasikiliza vifua vya watu!

Ijumaa, 12 Machi

Swaliki mwuza samaki amempeleka Tororo kwa gari lake. Mama mkwe kakaa mbele kama bibi harusi, kitambaa kipya. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nikaona kisigino kikipanda.

Nereah amekwenda naye.

Jumapili, 14 Machi

Nereah amerudi jana. Mama amelazwa, watampiga picha Jumatatu. Nereah amechoka, hali vizuri. Huzuni, nadhani. Ana haki.

Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, nikamwambia tutundike blanketi zito, tubaki na jepesi. Akasema nimekuwa mzee, zamani nilikuwa nagombania blanketi lile.

Sikuwahi kumpenda mama mkwe, kwa sababu humpendi kisigino. Lakini tangu Alhamisi nasikia ule mnong'ono. Nikifunga dawa nausikia. Namwonea huruma mwenye sauti ile. Leo kanisani niliomba kwa ajili yake, na niliomba kweli, si kwa kutaja tu.

Kuni kavu nimepata, kutoka Dabani. Moshi umepungua sana. Nereah bado anakohoa, ni mabaki ya ule moshi wa zamani, nadhani.

Jumatano, 17 Machi

Nimekuwa kichekesho cha Busia mbili, hii na ile ya ng'ambo.

Saa nne Swaliki kasimamisha gari mbele ya zahanati, hata hakuzima. Kaingia na samaki mmoja mkononi, kasahau kumweka chini. "Dakitari! Ile tibii yako iko na mkia!"

Ruba! Mama Nanjala ana ruba kooni! Alikuwa nalo, maana sasa limetolewa. Alikunywa maji kijitoni kwa kuinama, kama wanavyofanya wote shambani, likaingia dogo, likapanda nyuma ya koo, likakaa huko likinenepa kwa damu yake wiki zote hizi. Daktari wa Tororo hakufanya maajabu yoyote. Alimwambia afungue mdomo, akammulika kwa kioo cha kwenye paji la uso, akasubiri likajitokeza, akalivuta kwa koleo. Basi! Kifua cha mama kimepigwa picha. Safi. Makohozi yamepimwa. Safi. Ana kifua cha msichana, alisema yule daktari.

Aidah akanikumbusha kanuni yangu. Aliisema yote, kwa sauti yangu, mpaka na kidole ninavyokiinua: "Kwanza mdomo, ufizi, koo, pua!" Wagonjwa wakapiga makofi. Nilitamani kuingia kwenye kabati la dawa.

Lakini furaha pia nimeipata, nisijidanganye. Mama mkwe haumwi kifua! Nilikimbia nyumbani kumwambia Nereah. Alifurahi, akapiga magoti akashukuru. Halafu akaniuliza swali la ajabu: kwa hiyo wewe siku ile ulisikia nini?

Nikasema sijui. Labda mpira.

Ijumaa, 19 Machi

Si mpira.

Wagonjwa walipokwisha nimeuunga tena. Nimejisikiliza mwenyewe, safi. Nimemsikiliza Aidah kwa kumbembeleza sana, akiwa ndani na mimi dirishani. Safi. Kanong'ona tisini na tisa, sikupata neno hata moja, mvumo tu. Halafu nikamwita Okanya, mzee wa Kwapa anayekuja kwa sindano za kifua, ambaye ugonjwa wake naujua. Nikasikia mikwaruzo yake yote, mahali pake hasa. Mpira unasema kweli.

Aidah anasema basi ni masikio, ninunue mengine. Kasema kwa mzaha lakini imeniuma. Kama masikio yangu yanatunga ugonjwa kwenye kifua kizima, nimewatungia wangapi? Na wangapi wenye ugonjwa nimewarudisha nyumbani na vidonge vya mafua? Chakula nilikiacha sahanini. Nereah alinitania kwamba sasa nimelimeza mimi lile ruba la mama. Nikacheka ili asijue.

Jumamosi, 20 Machi

Naandika mchana, jua bado liko juu. Naandika ili nisifanye lingine, hilo nalijua.

Mama mkwe alikuja asubuhi kushukuru. Kuku jike mwekundu, unga wa mtama, na kichupa cha penisilini chenye ruba ndani ya spiriti. Anamwonyesha kila mtu. Wanawake wa mstari wa mbele wote wamelishika. Aidah ameliweka dirishani karibu na meza yangu, eti liwe mwalimu.

Tulizungumza kama inavyotakiwa. Yeye nyuma ya ua wa minyaa, amegeuka kutazama barabara. Mimi nyuma ya tangi. Aidah katikati, kazi yake kupokea maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayasikia.

Akashukuru. Nikasema mwambie mama asishukuru, nilikosea, masikio yangu yamezeeka.

Kule nyuma ya minyaa kikaanza kicheko. Ni kile kile cha siku ya dirisha. Akasema mwambie mkwe wangu asiyatupe masikio yake. Ni mazima. Kile kifua hakikuwa changu.

Aidah akauliza kilikuwa cha nani.

Akaeleza, na alikuwa na raha sana kueleza, maskini. Alipouona ule mpira ukiingia dirishani aliona kwamba ni mkono mrefu tu. Mkono wa mkwe ni mkono wa mkwe hata ukipita chini ya ubao. Auruhusu ulale juu ya ngozi yake, halafu aende kumwambia nini mumewe kaburini? Lakini hakutaka kumwaibisha mkwe aliyekaa juani juu ya debe. Basi akamwambia Nereah avue gauni mgongoni, na mama mwenyewe ndiye aliyeshika kikombe. Nereah alikataa, mama akamwambia, kifua cha binti nimekitengeneza mimi, kikiwa na kitu ni kitu changu. Nereah akafikiri ni hivi au mama haendi Tororo. Akavuta pumzi nilipomwambia. Akakohoa nilipomwambia.

Nilicheka. Nitaandika ilivyokuwa: nilicheka kwa sauti, nikapiga tangi kwa kiganja. Aidah alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Masikio yangu mazima! Sikutunga kitu! Nilikuwa na furaha kiasi cha kuhesabu mpaka tano.

Halafu mkono wangu ukabaki juu ya tangi. Juu, kulia, nyuma ya bega.

Aidah aliacha kucheka muda ule ule. Ananijua. Mama Nanjala aliendelea kucheka peke yake kule nyuma ya ua, halafu naye akasikia kwamba yuko peke yake. Akauliza, "Aidah, amesemaje?"  Akauliza tena. Halafu akafanya jambo ambalo hajafanya miaka sita. Aligeuka, akanitazama usoni, na mimi nikamtazama. Ana macho ya Nereah. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuona haya.

Nimekuja nyumbani kwa miguu, sikukimbia. Mtu akinikimbilia mlangoni mimi humwambia tulia, kukimbia hakuponyi.

Nereah alikuwa jikoni anachagua maharagwe. Akanitazama, akajua kwamba nimeambiwa. Akaona haya, akafunika uso kwa kanga, akauliza kama nimekasirika. Kabla sijajibu akakohoa. Nikasema, kwa mazoea tu, jamani huu moshi.

"Moshi upi?" akasema. "Hata moto sijawasha."

Nikamwuliza tangu lini. Tangu kabla ya Krismasi, anadhani. Na gauni? Amelipunguza mara mbili, ile ya kwanza sikuiona. Na jasho la usiku nimelala ndani yake mwenyewe nikalilaumu blanketi. Natazama migongo ya watu kutwa nzima kuona upande upi unachelewa, na huu mmoja naufunga vifungo kila Jumapili. Mganga hajigangi, wanasema. Hawakusema kama mkewe naye humsahau.

Naogopa. Niliandike hivyo. Najua ninachowaambia wengine: dawa ipo, sindano ipo, vidonge vipo, ni muda mrefu lakini watu wanapona, tazama Okanya. Nawaambia kwa sauti nzuri sana. Wanatoka wametulia.

Sijamwambia kitu bado. Nimesema tu kwamba namdai kifua, safari hii bila dirisha. Amecheka. Amekaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, amenipa mgongo, vifungo amefungua mwenyewe. Mpira mrefu nimeukata. Amesema, leo mimi ndiye mama mkwe wako, utanisikiliza ukiwa juu ya debe? Nikamwambia subiri, naandika kidogo. Akasema hajapata kuona daktari anayeandika ugonjwa kabla ya kuusikia.

Masikio yangu ni mazima, mama mkwe amethibitisha. Leo ningefurahi yakiwa mabovu.

"Dakitari, mgonjwa wako anasikia baridi."

Nakuja, nimemwambia. Ameanza mwenyewe hata sijasogea: tisini na tisa, tisini na tisa. Ananong'ona na kucheka. Kikombe cha stetoskopu ni baridi sana, nakipasha kwanza kwa mkono wa kushoto